Mzee, Mtazame Huyo Kaa

Kuze, Mji wa Kale,
Mombasa.
Jumapili.

Kwa dada yangu, Mwalimu Mbeyu,

Nakusalimu kwa heshima zote, hata zile ulizonifundisha kwa fimbo. Hujambo wewe, na shemeji Jefwa hajambo? Wanafunzi wako wa Kilifi wametulia ama bado wakukausha koo? Huku sisi wazima. Hata mgongo wangu mzima, ijapokuwa magunia ya godauni la Shimanzi hayauonei huruma. Kisicho kizima ni roho. Yachemka tangu jana alasiri, ndiyo maana nakuandikia barua kama mtu wa zamani. Kwa simu ungenikata maneno. Na usiruke ukaanza kusoma mwisho, nakujua.

Wajua kamera uliyonipa, ile yenye ufa kwenye kioo cha nyuma. Usinione niliishia darasa la saba. Kwa picha za ndege hakuna wa kunishika kisiwa hiki, na Likoni ukitaka uiongeze. Miezi mitatu, kila Jumapili, nimekwenda mikokoni hori ya Tudor kumvizia ndege mdiria. Maji yakitoka najipaka tope hadi shingoni, nakaa kimya. Mimi, Chengo, kimya saa tatu nzima! Ungeniona ungeita daktari.

Siku moja akatua, kaa mdomoni. Ni yule kaa dume wa matopeni tuliyekuwa tukimkimbiza utotoni, mwenye gando moja kubwa la kujigamba na jingine kama kijiti cha kiberiti. Nikabonyeza mara moja. Kabla sijabonyeza tena ameshakwenda zake. Bawa limetoka na ukungu, sikatai. Lakini kaa yuko wazi, na majivuno yake yote.

Basi kukatangazwa mashindano ya picha za viumbe wa pwani, katika ukumbi mmoja Kizingo. Kila mtu picha moja. Mshindi picha yake itawekwa kwenye kalenda ya kugawiwa shule zote za pwani. Rafiki yangu Huzaifa, yule mwenye duka la kutengeneza simu na kuchapa picha karibu na Marikiti, akanichapia yangu kubwa. Jana nikavaa lile shati la shemeji mnalolitafuta, nikaenda kuchukua ushindi wangu.

Dada, wakafunua picha iliyoshinda. Mdiria ang'ara kama kitambaa cha harusi, kila tone la maji lametameta, jua limekaa pale lilipoambiwa likae. Na mdomoni kaa yule yule wetu, lakini ana magando mawili makubwa, sawasawa, kama bondia! Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akafuta machozi. Nani amewahi kumlilia kaa?

Nikasimama. Nikamwambia mwamuzi mkuu, Bwana Nicanor, mbele ya wote, "Mzee, mtazame huyo kaa." Hakumtazama. Alinitazama mimi. Akasema picha ile imegusa nyoyo, na vijana tujifunze kushindwa bila wivu. Msaidizi wake, kijana wa tai aitwaye Morgan, akaongeza kwamba labda yangu ndiyo ya kompyuta, maana bawa limeyeyuka. Yangu! Nami nina alama za mbu shingoni hata sasa ninapoandika.

Nimekasirika hata chai hainipiti. Picha ya mashine haikumngoja mtu. Hakuna ndege aliyetua, hakuna kaa aliyeliwa, hakuna maji yaliyotoka. Mtu akiniuliza ndege wangu alikuwa wapi nitamshika mkono nimpeleke, nimwonyeshe tawi. Yule wa ukutani utampeleka mtu wapi? Na hawa waamuzi, watu wa kuzaliwa pwani, hawajui kaa wa mlangoni kwao! Wangemwuliza mtoto yeyote aliyewahi kukanyaga tope.

Sasa utaniuliza mbona sikumtaja tapeli aliyeitengeneza, mdomo huu ulivyo mpana. Dada, kaa chini kwanza. Mshindi ni wewe.

Huzaifa alinitania kwamba siku hizi hakuna ajuaye la kweli na la uongo. Nikamwambia waamuzi si wateja wake. Tukaiagiza simu yake itutengenezee mdiria na kaa, ikatuletea huyo bondia, tukacheka hadi chai ikatumwagikia. Nikasema tumpeleke hivyo hivyo. Atakayemwona atamtupa, nami nitapata la kusimulia mwaka mzima. Kwa kuwa kila mtu ni picha moja, fomu ya pili nikaijaza jina lako na nambari yako ya simu. Walipolisoma jina lako jana, nikaketi na mdomo wangu. Nimewatukana watu ukurasa mzima, na tapeli mwenyewe amevaa shati la shemeji.

Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nakwenda kwa Bwana Nicanor kumwambia yote. Atanifukuza. Picha yangu ya kweli itateremshwa pamoja na ile ya uongo, na haki ya kuteta sina. Miezi mitatu ya tope nimeizika kwa mkono wangu. Hilo laniuma kuliko Morgan na tai yake. Lakini sitaki kalenda ije darasani kwako ina jina lako chini ya kaa ambaye hayuko duniani. Watoto wa hori ya Kilifi wangekucheka, na wangekuwa na haki.

Wakikupigia kabla sijafika, usinifunike kama siku ile nilipoivunja redio ya baba. Sema ni kazi ya mdogo wako mpumbavu.

Jirani yangu Zilpah, anayekuja Kilifi leo, anakuletea bahasha hii, na ndani yake mna nakala ya picha yangu yenye ukungu. Ibandike ukutani darasani, usiwaambie kitu. Uone kama hawatamtazama kaa kwanza.

Msalimie shemeji. Shati nitalifua. Nawaombea afya, na unirudishie japo matusi mawili kwa mwandiko wako, nijue bado ni ndugu yako.

Ni mimi wa tope shingoni,
Chengo.