Laini ni Moja

Jumanne, 2 Machi 1999

Kondakta wa basi la Musoma ameleta barua ya Odoyo. Mdogo wangu hana salamu ndefu. Mvua imeshuka. Mama amekwisha panda. Kwa mila yetu sasa ni zamu yangu mimi mkubwa, ndipo yeye afuate. Miaka mitatu nimetoa ruhusa kwa barua, wakanipandia. Safari hii hataki barua. Eti yeyote anaweza kuiandika, nani ajuaye kama bado niko hai? Anataka sauti. Jumamosi saa nne asubuhi atakuwa kwenye simu ya misheni. Mtawa anafunga ofisi saa tano. Odoyo asiponisikia, atapanda shamba lake na langu pia, kama mtu aliyefiwa na kaka.

Wanizike mzima! Nilicheka. Halafu kicheko kikaisha.

Alhamisi, 4 Machi

Tumemaliza kufukia mfereji wa waya wa simu hapa Igogo. Mawe matupu. Mgongo umekufa. Chenge, msimamizi wetu, akanitania: Odera, huo ni mfereji au kaburi lako? Nikamjibu, langu wanalichimba Mara. Hakuelewa.

Waya umeishia kwenye duka jipya la Paskazia. Kibao chake: SIMU NA INTANETI KWA WASAFIRI. Nikaingia na matope yangu. Paskazia akasema: Shikamoo baba, vibarua wanapita nyuma. Marahaba, nikasema, leo nimekuja kama msafiri. Akacheka, lakini akaandika daftarini: Odera, Jumamosi, saa nne.

Fundi wa laini akanionya: waya ni mmoja, simu na kompyuta vinagawana. Mtu akiwa kwenye intaneti, ukinyanyua simu tu, inamkatikia. Usiguse!

Jumamosi, 6 Machi

Saa nne na nusu. Niko kwenye benchi la Paskazia. Naandika huku nikiitazama saa. Mzungu mwenye shanta yuko kwenye kompyuta tangu saa tatu.

Paskazia: Vumilia baba, mgeni anawaandikia kwao.
Na mimi kwetu ni wapi? Hapa Igogo?
Lakini wewe umezoea kusubiri, anasema.

Nimezoea kusubiri! Kasema kwa upole kabisa.

Saa tano kasoro robo. Nimemwomba mzungu mwenyewe. Nikaonyesha saa, nikaonyesha simu. Akatabasamu, akainua vidole vitano. Dakika tano. Haya.

Saa tano kasoro tano. Zake tano zimekwisha mara mbili. Nimesimama. Nimenyanyua! Sikioni mlio kama bati linakwaruzwa — kisha kimya. Mzungu kapiga meza. Paskazia anapiga kelele: Baba, umekata! Rudisha!

Ndiyo, nimekata. Waya huu nimeufukia mimi, kwa mgongo huu. Mimi ndiye saa nne kwenye daftari lako.

Namba nimekwisha bonyeza. Simu nimeibana kwa bega, daftari langu hili liko juu ya meza yao. Paskazia ameshika waya. Hathubutu kuvuta.

Inaita.

Odoyo, usitoke hapo. Mbegu zangu ziache kwenye gunia mpaka unisikie.

Inaita.