Chapati za Ndizi za Baba

Salha mwanangu,

Nimekwenda msibani Hombolo, nitarudi jioni. Ndizi mzuzu nimeshaziponda na kuzichanganya na unga, zimo kwenye bakuli la bluu. Tia iliki na mdalasini, kaanga kwa moto mdogo. Na usizimalize kwa kuonja!

Baba yako leo kavaa tai tena, akataka nimkaangie chapati mbili za mwanzo, nimfungie za kula ofisini. Tangu wampunguze kazini hatujathubutu kulisema. Nimemfungia tu kwenye gazeti, kama zamani. Ningefanyaje? Watu wanamwona stesheni, anazila peke yake.

Akirudi ~~usimwambie “pole na kazi”, utamuumiza~~ mwambie “pole na kazi, baba”, na umpokee mfuko wake. Jana nilishindwa kulitamka, akabaki amesimama mlangoni.

Mama yako