Dizeli Imeshuka, Maji Yanashuka

Jumatatu, 16 Juni

Mashineni tena. Foleni ndefu, lakini safari hii watu wanacheka. Mwenye mashine kapunguza bei ya kusaga bila kuombwa na mtu, na mimi simjui kuwa mtu wa huruma. Anasema dizeli imeshuka. Imeshuka Mwanza, imeshuka Kahama, sasa imefika hata huku kwetu machimboni. Tangu vita vya Uganda tumezoea bei kupanda tu. Nimesaga debe zima badala ya nusu. Mama mkwe ameuchungulia unga kana kwamba nimeuiba. Mchi nimeusimamisha nyuma ya mlango. Upumzike, na mabega yangu yapumzike.

Alhamisi, 19 Juni

Mafuta ya taa nayo. Yule mlanguzi wa nyuma ya soko, aliyekuwa akitupimia kidogo kidogo na matusi juu, leo ananiita dada. Nimejaza chemli mpaka shingoni. Kulwa na Doto wamesoma hadi wakasinzia juu ya madaftari. Dagaa wa Mwanza wameshuka, malori yanakuja kila siku. Sabuni ipo. Nauli ya Kahama imeshuka. Nimefurahi kijinga. Nimeimba nikiosha vyombo.

Ijumaa, 20 Juni

Furaha imekwisha. Dukani wanasema kuna mtu wa Mwanza analeta pampu. Dizeli ikiwa bei hii, inalipa kukausha lile duara la zamani, shimo la dhahabu lililojaa maji, chini ya kilima. Hakuna asiyejua ni lipi. Wote walinitazama, kisha wote wakatazama mizani.

Niliandike, maana sijawahi kuliandika. Baba Kulwa alitoka nyumbani jioni ya mvua kubwa, huu mwaka wa tatu. Alisema anakwenda duarani kutoa sururu na ndoo kabla shimo halijajaa. Likajaa. Hakurudi. Shija, mwenzake wa kazi, anaapa kwamba alimwona kesho yake asubuhi akipanda lori la Geita, na begi. Wengine wanasema Shija anajikosha tu, mwenzake yumo mle chini. Wa kuyatoa maji hakuwepo. Dizeli ilikuwa haipatikani, na ikipatikana bei yake inaua. Kwa hiyo mimi si mjane, si mke. Padri hawezi kumsomea misa ya wafu. Mama mkwe hataki kusikia habari ya matanga. Kila jioni anamwekea mwanawe sahani ya chakula, anaifunika kwa ungo. Asubuhi anawapa kuku.

Jumatatu, 23 Juni

Wameiwasha. Du-du-du, mchana kutwa. Maji yanatoka kwenye mpira mnene, rangi ya chai ya maziwa, yanaingia mfereji waliouchimba, na mfereji unapita nyuma ya nyumba yangu. Kati ya njia zote. Nimekwenda kulalamika kwa mwenyekiti wa kijiji. Amesema nishukuru, kiangazi hiki nitakuwa na maji mlangoni.

Jumatano, 25 Juni

Ng'ombe wa jirani wamefika mferejini, wamenusa, wamegeuka. Walikuwa na kiu. Mchungaji aliwachapa, hawakunywa. Akanitazama mimi, kama ni mimi niliyewakataza.

Kulwa kaniuliza, maji yakiisha baba atatoka? Sijui nani kamwambia. Nimemzaba kofi, halafu nikalia mimi.

Jumapili, 29 Juni

Kanisani. Padri ametuambia tushukuru kwa neema hii ya vitu kushuka bei. Watu wameitikia kwa sauti kuliko Pasaka. Mimi niliomba langu. Niliomba awe mle ndani. Basi, nimeliandika. Mungu anisamehe, au asinisamehe. Mume aliyekufa nitamlilia. Mume aliyepanda lori na begi lake nitafanya naye nini?

Alhamisi, 10 Julai

Watu wamelima kando ya mfereji. Mchicha, nyanya, majani ya maboga. Sijawahi kuona mchicha wa namna hii kiangazi. Majani mapana kama kiganja cha mwanamume. Soko limejaa, fungu ni kama bure. Wanawake wanamsifu mwenye pampu, wanaisifu dizeli, wanasema njaa ya mwaka huu imepata mwenyewe.

Mama Sabina, jirani yangu, kaniletea mafungu mawili. Zawadi. Nimeupika kwa sababu watoto walikuwa wanatazama. Wamekula wakalamba vidole. Mama mkwe amekula. Mimi nimekula ugali na chumvi. Chungu kizima kilikuwa na harufu ya udongo uliolowa, nimekisugua kwa majivu na bado harufu ipo.

Ijumaa, 11 Julai

Harufu bado ipo.

Jumamosi, 19 Julai

Ngazi zimeanza kuonekana ndani ya duara. Miti iliyopigwa misumari, ina utelezi wa kijani. Nilichungulia mara moja tu. Mle inatoka baridi ambayo si ya Julai, inapanda miguuni. Mwenye pampu hashuki hata ngazi ya kwanza, anatuma watu.

Shija alikuwepo, kasimama upande wa pili wa shimo. "Shemeji," akasema, "nilikwambia nilichokiona. Sijakudanganya." Namwombea awe mwongo. Sijawahi kumwombea mtu dua ya ajabu hivi.

Jumanne, 29 Julai

Dizeli imeshuka tena. Mwenye pampu ameongeza pampu ya pili.

Nyumba yangu haijawahi kuwa na vitu hivi vyote kwa pamoja. Sukari, mafuta ya kula, sabuni ya akiba. Watoto wana viatu. Mwaka jana tulikuwa tunagawana kipande cha sabuni na Mama Sabina. Na mimi naona aibu kushiba. Kila kinachoingia jikoni, najua kule maji yamepungua kidogo. Mashine inasaga, pampu inavuta, ni dizeli ile ile.

Mama mkwe ameanza kuweka nyama kwenye sahani ya mwanawe. Leo asubuhi alipofunua ungo, sahani ilikuwa tupu. Nikasema ni paka. Mama akasema ndiyo, ni paka. Hatuna paka. Wa jirani alikufa wakati wa mvua.

Jumatatu, 4 Agosti

Pampu zimezimwa. Sikujua nilikuwa nimeizoea sauti ile mpaka ilipokatika. Mwiko uliniponyoka. Kijiji kizima kilitoka nje kikasimama, hakuna aliyeuliza kuna nini.

Wamefika chini. Kuna mtu.

Walimtoa kwa ndoo. Mifupa, matope, kipande cha mkanda wa ngozi. Mwenyekiti ni mgeni wa mwaka jana, hakumjua Baba Kulwa. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Mama Kulwa, ndiye?" Nikasema ndiye. Nilisema kabla sijatazama vizuri. Mkanda ule ungeweza kuwa wa mwanamume yeyote. Nilijisikia mwepesi. Ilibaki kidogo nicheke, nikajifunika kwa kanga wakadhani nalia.

Jumanne, 5 Agosti

Wanaume walitaka kumwosha wao. Mama mkwe alikataa. "Nilimwosha alipokuja duniani," aliwaambia, "sasa nani ataniambia nisimwoshe?" Tukafunga mlango, sisi wawili. Maji yalikuwa ya mfereji, mengine hakuna.

Matope yalitoka polepole. Baba Kulwa hakuwa na meno mawili ya mbele juu. Ng'ombe alimpiga teke kabla hatujaoana. Fuvu hili lina meno yote. Meupe, mazima, na mwanya mpana katikati.

Mama mkwe alipitisha kidole juu ya meno, moja moja, kutoka mwisho hadi mwisho. Yeye ndiye aliyemuuguza mwanawe kinywa kile, akimlisha uji. Nilingoja apige kelele. Akasema, "Nipe sanda." Nikampa. Akafunika uso kwanza. Alipofungua mlango, wanaume wakamtazama. "Ng'wana wane," akawaambia. Mwanangu. Kisha akaenda kukaa jikoni.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumezika. Misa imesomwa. Ndugu wamejaa, kutoka Ushirombo, kutoka Shinyanga mjini. Kwa nauli ya zamani nusu yao wangetuma salamu tu. Wali, nyama, chai yenye sukari. Nimesikia mtu akisema huu ni msiba wa raha. Ningemtemea mate, lakini alikuwa amesema kweli.

Shija hakuja kaburini. Kwa meno yale, hakuwa mwongo. Baba Kulwa yupo mahali, anakula, anajikuna. Na jioni ile alikwenda duarani, na asubuhi akapanda lori, na chini alibaki mtu. Begi lile lilikuwa na nini? Alikuwa na haraka gani? Sitaki kuwaza. Nawaza.

Nilimlilia yule wa mwanya. Sikuwa na mwingine wa kumlilia. Watu wamesema nimelia vizuri.

Jumapili, 17 Agosti

Mama mkwe hajasema lolote. Leo tu, tukichambua mchele, bila kuinua kichwa: "Sasa nina mahali pa kwenda kukaa." Basi. Sahani haiweki tena.

Sasa naitwa mjane. Ni neno zuri kuliko nilivyodhani. Wanawake wananisogezea kigoda. Nimeanza kula mchicha.

Jumatano, 3 Septemba

Mchana, nikiwa naanika unga wa muhogo. Mwanamke mtu mzima ameshuka kwenye basi la Biharamulo, na rozari shingoni, viatu kavishika mkononi visichakae. Anamtafuta mwanawe. Kijana alikuja machimbo ya huku, barua zikakatika. Angemfuata zamani, lakini nauli ilikuwa ya kuuza mbuzi na mbuzi hana. Sasa imeshuka. Na amesikia kuna duara limekaushwa. Watu wamemleta kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyefiwa mle.

Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu, pole kwa msiba." Nikampa uji. Akaeleza mwanawe anaitwa nani, ana urefu gani, akaonyesha kwa mkono hewani. "Na akicheka tu utamjua," akasema. "Ana mwanya mpana. Alinirithi mimi." Akacheka ili nione.

Mama mkwe alikuwa anapepeta. Ungo ukasimama.

"Alipatikana mmoja tu," mama mkwe akasema. "Alikuwa wetu."

Mgeni akaitikia kwa kichwa. Akanitazama mimi, nadhani kwa adabu tu, nami nithibitishe. Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na ulimi. Nikamwongezea uji.

Tumemtandikia kitanda cha watoto.

Alhamisi, 4 Septemba

Mgeni ameamka mapema, kafagia uwanja. Akaomba tumpeleke kaburini akamsalimie Baba Kulwa, maana tumemlaza na kumlisha. Tumekwenda watatu. Kapiga magoti, kasali rozari nzima, kang'oa majani yaliyoanza kuota. Kasema amefurahi kumwona mtoto wa mtu aliyezikwa vizuri. Na wake, kama amekufa, angependa awe ameangukia watu kama sisi. Mama mkwe alimshika mkono kumwinua. Hawakuachana mikono mpaka nyumbani.

Nimemsindikiza barabarani. Nilimpa nauli, kaikataa. Siku hizi si kitu, kasema. Atakuja tena baada ya kupanda, na Krismasi, na kila akipata nafasi, amsalimie marehemu wetu na aulizie habari za wake. Basi lilikuwa na viti vitupu. Kakaa dirishani, akanipungia mkono, akacheka.

Nimerudi nyumbani. Nimeosha kikombe chake. Wanasema mwezi ujao nauli itashuka tena.