Vikwembe vya Coach, Miguu ya Directeur

Maman Salwa mupendwa,

Nikusalimie na heshima yote. Miye ni mutu muzima, niko na bibi, niko na batoto, niko na kiti ya kuzunguka ku bureau, ofisi yangu ya kazi, na sikuwazaka ata siku moja kama nitaandikia radio juu ya shida zangu, lakini niko naomba unisaidie mbele nifanye kitu yenye nitajuta. Jina yangu usiitaje ku antenne, tafazali.

Miye nilikuwaka coach wa basket ya babinti ku institut moja ya juu hapa kwetu Bukavu, miaka mingi, na usifikiri niko najisifu lakini uliza mutu yeyote ku Kadutu ao ku Nguba atakuambia, nilikuta bale babinti banashika mupira sawa vile bameshika sufuria ya moto, nikabafundisha mpaka tukaanza kushinda, na kila mara tukirudi na coupe bamama supporters balikuwa bananitandikia chini bikwembe, nguo yao ya kujifunga, tangu ku mulango ya bus mpaka ku terrain ya mchezo, miye napita juu na biatu yangu ya vumbi na bao banaimba jina yangu, na Maman Salwa, mutu akiisha kutembea juu ya bikwembe ya bamama, simenti haimutoshi tena.

Mwaka jana recteur, mukubwa wa institut, akaniita, akasema, "Coach, umeteseka ya kutosha ku jua, tunakupatia cheo: Directeur des Sports." Bibi yangu Marie-Louise alifurahi sana, akaninunulia veste mbili, koti za bakubwa. Fasi yangu nikaweka Aurore, alikuwaka capitaine wangu, miye mwenyewe nilimufundisha kurusha mupira ku panier tangu alikuwa première année, mwaka yake ya kwanza ku masomo, nikawaza kama atakuwa ananiuliza kila kitu. Haulizake! Anakuja asubui, "Bonjour, Papa Directeur," anaomba mipira ya mupya, anaomba transport, anatoka. Nani acheze, nani apumzike, ata siku moja hajaniuliza.

Tena bale batu benye balikuwa bananiimbia, sasa nikipita na veste banasema "bureau iko inapita." Panier ikianguka, "Bureau!" Mupira ikikosa hewa, "Bureau!" Zamani baliniitaka Muzee wa Kazi, leo bananiita na jina ya chumba.

Basi, finale ikachezwa Goma. Nilikuwa nimetulia ku tribune ya bakubwa, nakunywa maji yangu. Quart ya tatu babinti bakaanza kupoteza mipira, Aurore akaomba temps mort, ile dakika ya coach kusimamisha mchezo na kusema na bachezaji, na miye sijui nini iliniingia, niliona tu miguu yangu iko inashuka ngazi, nikafika kati yao, nikamunyanganya Aurore ile ardoise yake ya kuchorea, nikaanza kuchora miye. Filimbi yangu ya zamani ilikuwa ku shingo, chini ya cravate, naivalaka kila siku, Marie-Louise ananichekaka juu ya ile filimbi. Babinti banaangalia miye, banaangalia Aurore, hakuna mwenye kujua asikie nani. Arbitre mwenye kuchezesha match akauliza, "Uyu papa ni nani?" Na supporters, betu sisi, si ba Goma, betu! bakaanza kupiga ngoma: "Bureau, panda! Bureau, panda!" Aurore akaniambia polepole, "Papa, uniachie iyi dakika yangu." Nikapanda.

Kesho yake tukarudi na bateau ku ziwa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, ku port matope tu. Na kwa mbali nikaona bamama bametandika bikwembe, rangi yote, tangu ku bateau mpaka ku bus, na nikasema ku moyo, kumbe bamenisamehe. Sasa Maman Salwa, usiseme nilikimbia, ni protocole, directeur njo anashukaka wa kwanza. Nikaweka muguu ku kikwembe ya kwanza, nikaweka ku ya pili, nikainua mukono nisalimie batu. Njo Maman Noëlla, ule mwenye anauzishaka sambaza, bale samaki badogo ba ziwa, na njo mukubwa wa supporters, akainama, akashika kikwembe yake, akasema, "Iyi ni ya coach, tonton, haiko ya bureau." Akavuta. Nikaanguka makalio, pu! ku matope, na veste mupya. Batu bakacheka mpaka bapagazi bakatula mizigo chini. Na mwenye alikuja kuniinua alikuwa Aurore, na iyo njo iliniuma kupita yote.

Ile video iko ku kila telefone. Ata ku chorale yetu ya dimanche, miye nikiimba basse, ba soprano banaumauma midomo.

Sasa nilishaenda kwa recteur, nikamuambia kama Aurore angali mutoto, afazali bamupatie kazi ya kuchunga mipira ku dépôt, na miye nirudilie équipe par intérim, kwa muda tu, uku nabaki directeur. Recteur akasema, "Waza mpaka lundi. Neno yenye utaniambia, njo nitafuata." Rafiki yangu Ignace, mwenye iko na bureau pembeni ya yangu, ananiambia, "Mukate, umutoshe ku kazi! Autorité haichezake na batu." Marie-Louise ananiambia, "Papa Dany, ulipewa kiti, ikaa." Miye sisikie chakula, sisikie usingizi. Nimukate Aurore ao nimuache? Na batu bataniheshimu tena ginsi gani?

Ni miye, Directeur mwenye kuzarauliwa, Ibanda.


Maman Salwa anajibu:

Directeur wangu, pole kwa makalio. Nasema pole ya kweli, matope ya port nayajua, hayatoki kwenye nguo kwa sabuni ya kuoneana haya. Sasa pole imekwisha, tusemezane.

Unaniomba nisitaje jina lako. Baba, nilitaje kwa nani asiyelijua? Ile video ilinifika mimi kabla ya barua yako. Nilitumiwa na shangazi yangu wa Uvira, bibi kizee asiyejua kama basket inachezwa kwa mkono au kwa mguu, akaniuliza, "Huyu bwana harusi mbona kaanguka?" Kwa hiyo jina lako nimeliacha, lakini usidhani umefichika.

Barua yako nimeisoma yote. Nimejua habari za veste, nimejua kiti chako kinazunguka, nimejua na filimbi iliyolala chini ya cravate. Nimejua aliyekucheka na aliyekuinua. Kitu kimoja nimekitafuta mpaka macho yakaniuma: nani alishinda? Wewe Directeur des Sports mzima, umenisimulia finale kuanzia tribune mpaka matopeni, na matokeo hukuyaandika! Ilibidi nimuulize Latifu, fundi wetu wa studio. Akaniambia, "Maman, mabinti walikuwa nyuma pale yule papa aliposhuka. Alipopanda, Aurore akawarudisha mchezoni, wakashinda kwa pointi tisa." Loo! Coupe ilikuwa ndani ya bateau moja na wewe, na wewe ulikuwa unatazama vikwembe.

Ndiyo maana nakuuliza bila kupepesa: ulikuwa unaipenda timu, au ulikuwa unapenda kuimbiwa?

Maana hata huko kuimbiwa unakukumbuka nusu. Mimi pia ni wa hapa. Ulipokuwa coach na ukafungwa, waliimba vilevile, tena kwa nguvu zaidi, na wimbo wenyewe siwezi kuurudia wakati watoto wanakula. Ile siku mlifungwa nyumbani na timu ya Uvira, hao hao mamans walikufuata na mafagio wakifagia nyayo zako mpaka barabarani, ili mkosi usibaki uwanjani. Umesahau? Mimi sijasahau, nilicheka wiki nzima, Mungu anisamehe.

Shabiki ndivyo alivyo. Coach anamuona kwa macho, basi anampenda na anamtukana, vyote kwa siku moja. Directeur hamuoni. Anaona tu panier ikianguka. Ni kama fundi wa bomba: maji yakitoka hakuna anayemtaja, yakikatika avenue nzima inamtaja yeye na mama yake. Hiyo ndiyo kazi uliyoipokea ukicheka, na veste mbili juu. Hakuna aliyekufunga kamba.

Tena si wewe wa kwanza kutoka terrain kuingia bureau. Kwetu Nguba yuko Papa Stanislas, alikuwa coach wa volley, naye akapewa cheo kama chako. Mwaka wa kwanza watu walimsema: ametutupa, amekuwa mkubwa, siku hizi anakunywa chai na ma-recteur. Yeye akashika kazi. Vijana wakaanza kusafiri ndani ya gari lenye breki. Wakaacha kupangiwa match siku ya mtihani. Mchezaji akiumia goti anapelekwa kwa daktari, si kwa mjomba wake anayekanda na mafuta ya mawese. Leo Papa Stanislas akipita sokoni hakuna ngoma wala kigelegele. Wanamwongezea samaki wawili juu ya fungu, basi. Anabeba samaki wake anaenda nyumbani kwa furaha.

Tuje kwa Aurore, kwa sababu mwenye kuumia hapa ni yeye. Unalalamika hakuulizi. Wewe! Hiyo ni sifa yako na unaigeuza kesi? Ulimfundisha, amejua. Mwalimu ambaye mwanafunzi wake anarudi kila asubuhi kuuliza yale yale, huyo alikuwa anafundisha au alikuwa anapita tu? Alikuomba mipira. Umempa? Alikuomba transport. Umempa? Barua yako haisemi, na mimi nimeshasikia jibu. Kisha akakuomba dakika moja, dakika yake mwenyewe, ukaihesabu kuwa dharau.

Na siku ile ya matope, yule mtoto angeweza kupita juu ya vikwembe alivyotandikiwa, akaingia bus, akakuacha hapo na veste yako. Hakupita. Aliinama mbele ya watu wote akakushika mkono. Zawadi uliyomwandalia ni ufunguo wa dépôt, achunge mipira! Asante ya punda, wazee walisema, na mateke tumeyaona. Nina neno lingine lilikuwa mdomoni, nimelimeza kwa sababu niko hewani.

Huyo Ignace wako msikilize kwa sikio lile bovu. Timu ikifungwa, yeye atakuwa zake tribune na maji ya baridi. Na hebu nikuulize, ukishakuwa coach na directeur kwa pamoja, siku ukifungwa utaitwa bureau na nani? Utajiita? Utajipigia meza, "Coach, nieleze!" kisha uzunguke upande wa pili ujibu, "Samahani, Papa Directeur"? Hicho kichekesho kitahitaji video nyingine, na shangazi yangu ataitaka.

Sasa kuhusu vikwembe, nisikie vizuri. Mwanamke anayeamka na giza kuuza sambaza hana kabati la vikwembe. Ana kile kimoja kizuri, cha harusi na ubatizo. Akikifungua na kukilaza kwenye matope, ameshachagua mguu wa kupita, na hakuna protocole ya dunia hii inayoweza kumchagulia mwingine. Ulikanyaga shukrani ya mtu, wala si nguo tu. Maman Noëlla kukuvutia ile nguo ilikuwa haki yake, ingawa ningemshauri avute polepole, mgongo wa mtu mzima si wa kuchezea.

Basi fanya hivi. Kesho nenda sokoni kwake, bila veste, ukiwa umebeba sabuni ya maana na kikwembe kipya. Usitoe hotuba, nakujua, wewe utatoa hotuba. Mwambie, "Maman, nilikanyaga pasipo pangu," umpe, ununue sambaza, uondoke. Atakucheka. Ucheke naye, haitakuua. Ile filimbi ivue leo leo, mpe Marie-Louise, ambaye katika barua yako yote ndiye peke yake mwenye akili. Siku ya match kaa kwenye tribune yako, na miguu ikianza kuwasha, nenda nyuma ya uwanja uangalie kama bus ina mafuta na kama mabinti wana maji ya kunywa. Hiyo ndiyo match yako sasa, na ndiyo unayofungwa kila wiki.

Watu watakuheshimu lini, sijui. Labda mwaka kesho, labda wasikuheshimu kabisa na timu ishinde tu. Itabidi ulivumilie hilo, kama wanavyovumilia wazazi wote wanaokaa nyuma kwenye picha.

Jumatatu asubuhi usipitie bureau yako wala ya Ignace. Nenda moja kwa moja kwa recteur, na kabla hajakukaribisha chai, sema: "Nilikosea. Aurore anabaki." Maneno matatu. La nne litakuwa linakuhusu wewe, basi usiliseme.