Kinanda Chako Hakiyumbi Tena

Masanja,

Nimechoka, rafiki yangu. Nakuandikia nikiwa Kamanga, nasubiri kivuko cha kurudi mjini. Nimetoka kaburini kwako. Msalaba umesimama vizuri, ila rangi ya jina lako imechuruzika kidogo. Ungecheka.

Nina habari ya kinanda chako. Baada ya matanga, mama yako alikitoa kwa kwaya ya kanisani kwenu Mkolani, kwa sababu chao kilishakufa. Sikumzuia. Mama aliyezika mwanawe unamzuiaje? Nilijiambia nitakwenda siku moja nirekodi ile sauti yako uliyoihifadhi mle ndani ya kinanda, nimalizie wimbo wetu wa mwisho. Ngoma zipo, besi ipo, mitambo yote inaunguruma kama ya miaka ya themanini, ambayo mimi na wewe hatukuiona. Ilibaki sehemu yako tu.

Unakumbuka tulikoutoa muziki huu? Kibanda umiza cha baba yako, alikoonyeshea watu video kwa kiingilio. Kanda za video zilichezwa mpaka zikalegea, muziki wa zile sinema za mapigano ukawa unayumba kama mlevi anayetafuta mlango. Sisi watoto tukadhani ndivyo ulivyotungwa. Ulipokuja kuusikia ukiwa safi, ukubwani, ulikasirika. "Huu wameuharibu," ukasema. Ukakaa na kinanda wiki nzima ukigeuza vifungo, mpaka kikayumba kama kanda za mzee. Watu walipotuuliza kwa nini hatupigi singeli kama wenzetu, ukawajibu, "Singeli ina wenyewe."

Basi, Jumamosi nilikwenda kwenye mazoezi ya kwaya na waya wangu wa kurekodia. Nikamwamkia mwalimu wao, nikaeleza shida yangu. Akafurahi kweli. "Marahaba, binti, karibu. Tena umekuja wakati mzuri, tumeshakitengeneza. Kilikuwa kinayumba vibaya sana."

Masanja, walichanga. Wakaita fundi, akafuta kila ulichohifadhi mle ndani, akakirudisha kama kilivyotoka kiwandani. Kwa mapenzi kabisa. Ningemgombeza nani?

Mama yako alikuwa amesimama na wale wa sauti ya pili. Akaja kunishika mkono. "Unasikia, mwanangu? Kimepona. Mwenzako angefurahi." Nikamwambia ndiyo mama, angefurahi sana. Nikakaa kwenye benchi la nyuma nikawasikiliza mpaka mwisho, kila noti imenyooka. Nililia. Wakadhani ni wimbo umenigusa.

Tangu hapo najaribu kuiyumbisha sauti mwenyewe nyumbani, kwenye kompyuta. Inayumba, lakini siyo wewe. Yako ilikuwa inateleza, halafu inachelewa kidogo kurudi. Sijui ulikuwa unafanyaje. Sikuwahi kukuuliza, maana ulikuwepo. Sasa nimeacha. Sina nguvu tena za kukuiga, na inauma kila ninapokaribia.

Kivuko kinaingia, watu wameanza kusukumana. Kwaheri, Masanja. Pumzika, ndugu yangu. Mama yako hatajua kilichofutwa, hilo nakuahidi. Na wimbo nitautoa hivyo hivyo. Pale ulipotakiwa uingie, ngoma zitakwenda zenyewe, na nafasi yako haitajazwa na mtu. Watasema nimesahau kuweka kinanda. Nitawaacha waseme.

Ni mimi mwenzako,
Neema