Gitaa Langu na Benchi la Nyuma

Jumanne, 3 Februari 2015
Shifti ya asubuhi, kazi ya kutunza wazee, Champlin. Theluji tena. Nimemwogesha Bibi Loretta, nikampaka mafuta, nikamsomea zaburi kwa Kiingereza changu kibovu. Halafu tableti yake, kama kawaida. Video ya yule mama mpiga gitaa anayempenda. Picha haina rangi. Mama mlokole, gitaa la umeme kifuani, anamwimbia Yesu na kuvuta uzi mpaka unalia. Bibi alimwona kwa macho yake, kanisani kwao kusini mwa nchi hii, akiwa msichana. Anasema vijana walikuwa wakija kusimama nyuma. Hawaombi, wanatazama vidole tu. Baadaye wakapiga vile vile kwenye kumbi za dansi, wakaitwa wenye rokenroli.

"Majina yao unayajua," akaniambia. "La kwake ulikuwa hulijui."

Kweli, sikulijua. Jumapili nilipiga ule mvuto wake wa uzi kwenye wimbo wa sadaka kanisani kwetu. Watu walicheza mpaka viti vikasogea. Bado nina furaha.

Jumatano, 4 Februari
Mama Pasta amepiga simu. Mzee Baruani amenishtaki kwa baraza la wazee wa kanisa. Anaendesha teksi. Juzi abiria aliomba redio ya rokenroli, na Mzee akasikia gitaa langu humo. Eti, "Gitaa la Riziki lenyewe!" Anasema nimeleta dunia madhabahuni. Tena mwanamke. Naitwa Jumamosi saa nne.

Naogopa. Chapati nimeunguza zote.

Alhamisi, 5 Februari
Nimemvalisha Bibi sweta nje ndani. Akauliza nina nini, nikamweleza. Alicheka, kisha akaniona uso, akaacha kucheka. Akasema niwaambie ukweli tu: dunia ndiyo iliyouchukua mvuto huo kanisani.

Rahisi kwake. Hajui kuwekwa nyuma. Miezi mitatu benchi la mwisho, bila sare ya kwaya, bila meza ya Bwana, na hakuna anayekupa mkono. Kule Nyarugusu, kwenye kambi ya wakimbizi, nilimwona dada mmoja alivyowekwa. Alikonda akabaki mifupa.

Na gitaa? Alinifundisha marehemu kaka yangu, huko huko kambini, nyuzi zetu zikiwa waya za breki za baiskeli. Wakininyang'anya gitaa wananinyang'anya na yeye.

Ijumaa, 6 Februari
Nimeandika maneno ya kusema. Nimeyakariri kwenye treni mpaka Saint Paul na kurudi. Abiria mmoja akahama kiti. Kwetu, ukipiga magoti mbele ya baraza umekiri, hakuna swali tena. Mungu wangu, nisaidie nibaki nimesimama.

Jumamosi, 7 Februari
Nimepiga magoti.

Wazee watano, meza, Biblia. Mzee Baruani alikohoa tu, mimi huyo chini. Karatasi ilibaki kwenye mkoba. Pasta akauliza kama ninatubu, nikasikia sauti yangu inasema ndiyo. Natubu nini? Miezi mitatu. Gitaa atapiga Shemasi Elia, yule wa besi, aliyesimama kando yangu mwaka mzima.

Mwoga mimi. Mwoga kabisa. Sijala.

Jumapili, 8 Februari
Benchi la mwisho. Hakuna aliyenipa mkono. Mama Pasta alinitazama, akatazama viatu vyake.

Wimbo wa sadaka. Elia akafika katikati, akainamisha kichwa, akavuta uzi. Mvuto ule ule! Wangu. Wa yule mama wa kwenye tableti. Kumbe mwaka mzima alikuwa anatazama vidole. Watu wakainuka. Mzee Baruani akatoa leso, akaipunga juu.

"Amina, Shemasi! Hilo ndilo gitaa la kanisa."

Nikabaki nimekaa. Mkono wa kushoto ulikuwa unabana nyuzi juu ya paja.

Jumanne, 10 Februari
Shifti ya asubuhi. Nimemwogesha Bibi, nimempaka mafuta. Nikamsimulia habari ya Jumapili. Hakushangaa hata kidogo. Aliuliza kitu kimoja tu, kama Elia alipiga vizuri.

"Pale mwisho alikosea," nikasema.

Akataka kalamu na karatasi. Akaandika jina la yule mama, polepole, na chini yake la kwangu. La kwangu amekosea herufi mbili. Sikumsahihisha. Jumapili bado naiogopa. Karatasi nimeiweka kwenye mkoba, pale ilipokuwa ile ya baraza.