Bupe Hakuacha Kazi Kabla ya Wakati

Mtaa wa Kamuchanga,
Mufulira.
11 Agosti 2019

Mpendwa mwanangu Kasonde,

Anayekuandikia ni baba yako mkubwa, mwenye miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili, ndugu zangu wote wa kiume akiwemo baba yako, na mabwana wa mgodi nisioweza kuwahesabu. Lakini kalamu bado naishika mwenyewe.

Hujambo huko Windhoek? Mkeo na watoto wazima? Ile baridi iliyokubana kifua imekuachia? Sisi wazima, magoti tu ndiyo yananigomea.

Sasa sikia habari ya Bupe, binti wa marehemu mwanangu, fundi umeme wa kiwanda cha unga. Mgodi mpya kule Solwezi umemwita! Ilikuja barua kwamba wanamtaka, ila kwanza apimwe kifua na vyeti vyake vihakikiwe. Mimi kusikia "wanamtaka" sikungoja mengine. Nilitangaza kanisani. Nikamwamuru Bupe aache kazi kiwandani siku hiyo hiyo.

Akakataa! Tena mbele ya mtani wangu, mzee Jere Mngoni, aliyekuja kunywa munkoyo, togwa yetu ya mahindi. Jere akacheka, akanitania kama ada ya makabila yetu mawili, "Lazaro, kweli wewe mla nyani. Mtoto hajapimwa, umeshamfungia mizigo!"

"Nyamaza, mla panya. Haya mambo ya wenye akili."

Bupe hakubishana. Akaingia jikoni, akatoka na sahani mbili. Ile barua akaiweka juu ya moja, akaifunika kwa nyingine, kama mshenga aletavyo posa kwetu. Akapiga magoti.

"Babu, sahani ya posa ikipokewa, binti analala kwa nani siku hiyo?"

"Kwa baba yake."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mume atimize yote tuliyomtaka."

"Basi hawa wa Solwezi bado hawajatimiza, babu. Na mimi nina watoto watatu wa kulisha. Niacheni kwanza kwa baba."

Kasonde, alinifunga kwa mila yangu mwenyewe. Mimi! Jere alicheka mpaka munkoyo ukamtokea puani.

Na kweli, picha ya kwanza ya kifua haikusomeka, akaitwa apigwe nyingine. Wiki zikapita kimya. Mimi usingizi ulinipaa, maana nilikwisha kujisifu mtaa mzima. Lakini kwa Bupe sufuria ilikuwa jikoni kila siku, kwa mshahara wa kiwanda.

Wiki iliyopita ikaja barua ya pili: amepita, hakuna sharti lililobaki. Hapo ndipo alipopeleka kiwandani notisi yake ya mwezi mmoja. Hata tarehe ya kuanza Solwezi aliiomba mwenyewe isogezwe, asiondoke kwa ubaya. Meneja wa kiwanda alimshika mkono, akamwambia akichoka na Solwezi arudi.

Nimebishana na wakubwa wengi kule chini ya ardhi nikawashinda. Aliyenishinda ni huyu mmoja, naye ni damu yangu. Siku hizi nikipita mtaani shati linanibana kifuani kwa raha.

Msalimie mkeo Ndapewa na watoto. Binamu zako wote wanakusalimu. Mungu akulinde ugenini, akurudishe unione ningali nimesimama.

Ukidhani naongeza chumvi, muulize shangazi yako Mwaba, alikuwepo. Muulize na Jere, ila atakutukana kwanza.

Wako nikupendaye kama nilivyompenda baba yako,
Lazaro Chipasha